Kabla ya Kufungua Tovuti ya Nne

Wengi wanaoandika tovuti ndogo za mada maalumu kwa Kiswahili huanza na moja, wakaona inasomwa, na mwaka haujaisha wanakuwa nazo tatu, kila moja na jina lake, rangi zake na ada yake ya kila mwaka. Nami ni mmoja wao, kwa kuwa ninaendesha tovuti ya mitihani ya zamani ya sekondari, ya kilimo cha korosho na ya mapishi ya pwani. Mtu akiniuliza kama afungue ya nne, simuulizi ana makala ngapi kichwani, maana makala hazikosekani. Ninamuuliza ni nani atakayezitunza hizo tatu katika majuma ambayo haandiki chochote. Kwa maoni yangu, kipimo cha tovuti ambazo mtu mmoja anazimudu ni kazi ya matunzo, na kazi hiyo haipungui kwa sababu tu tovuti ni ndogo.

Jambo la kwanza linalosahauliwa ni kwamba kila mada ina msimu wake. Tovuti ya mitihani hufurika wasomaji kuanzia Septemba hadi mtihani wa kidato cha nne wa Novemba, ikatulia, kisha ikaamka tena kabla ya mtihani wa kidato cha sita wa Mei. Ya korosho huanza kusomwa katikati ya mwaka, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima wanapotafuta namna ya kupulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, halafu hupanda tena Oktoba minada inapoanza Mtwara na Lindi. Ya mapishi hutegemea Ramadhani, ambayo kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11, kiasi kwamba mwaka 2030 unatarajiwa kuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine itakayoanza mwishoni mwa Desemba. Miaka michache baada ya hapo mfungo utaangukia Novemba, na mwenye tovuti ya mapishi na ya mitihani kwa pamoja atajikuta na misimu miwili mlangoni kwa wakati mmoja. Hilo linahesabika tangu leo, na sioni sababu ya mtu kuchagua mada mpya bila kutazama kwanza kalenda ya zile alizo nazo.

Oktoba tayari ni mwezi mgumu kwangu, kwa kuwa watahiniwa na wakulima huja pamoja. Nilichoamua ni kwamba kurasa zote za korosho zipitiwe kabla Septemba haijaanza, na kila ukurasa wenye bei uandikwe msimu wake juu kabisa, kabla hata ya aya ya kwanza. Utaratibu huo ulitokana na ujumbe wa mkulima mmoja wa Tandahimba aliyeandika: “Mwalimu, hii bei ya mnada ni ya msimu huu au uliopita? Nimeshawaambia wenzangu.” Swali hilo ndilo linalofanya matunzo yawe wajibu, kwa sababu msomaji wa mada maalumu hufika akiwa na jambo la kuamua, na bei iliyopitwa na wakati humgharimu fedha. Pishi la biriani la mwaka 2019 bado ni biriani. Bei ya korosho ya mwaka 2019 ni historia.

Upande wa ufundi una mambo mengi, lakini machache ndiyo yanayowaangusha watu. WordPress, programu ya kuundia tovuti ambayo inaendesha zaidi ya theluthi moja ya tovuti zote duniani, ina maelfu ya programu za nyongeza, na kila nyongeza ni mlango ambao mvamizi anaweza kupitia. Septemba 2020 iligundulika kasoro katika nyongeza moja ya kusimamia mafaili, iliyokuwa imewekwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, na wavamizi walianza kuitumia kabla ya wengi kusikia habari. Kasoro hiyo ilimruhusu mtu asiye na nywila kupandisha faili lake kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti. Ndiyo maana kuizima tu nyongeza usiyoitumia hakutoshi, kwani mafaili yake hubaki kwenye seva, na huenda mlango ukabaki wazi. Ifutwe kabisa. Mwenye tovuti nyingi ana sababu ya ziada ya kuwa bahili hapa: tovuti tatu zinazotumia nyongeza zilezile saba zinakaguliwa kwa mkao mmoja, ilhali tatu zenye nyongeza ishirini kila moja, zisizofanana, ni ajira kamili isiyo na mshahara.

Wapo wanaoona dawa ni kuziweka tovuti zote ndani ya mfumo mmoja, jambo ambalo WordPress yenyewe imeliruhusu tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010. Ni kweli kwamba ukisasisha mara moja umesasisha zote. Ni kweli pia kwamba ukiharibu mara moja umeharibu zote, na kwamba siku utakapotaka kuuza moja utalazimika kuing’oa kutoka kwa wenzake kwa kazi ya siku nzima au zaidi. Mimi ninazitenga, kila moja na hifadhidata yake na nywila yake, hata kama seva ni moja. Hasara kubwa zaidi ya kuchanganya hutoka kwenye ile tovuti ya majaribio iliyosahaulika, ambayo hakuna anayeitembelea isipokuwa mvamizi, naye akishaingia humo anazifikia nyingine zilizo kwenye akaunti hiyohiyo.

Kuhusu nakala za akiba, mfano ninaoutoa daima ni wa Strasbourg, Ufaransa, ambako Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVHcloud na kuzima mamilioni ya tovuti. Baadhi ya wateja waligundua kwamba nakala zao zilikuwa palepale zilipokuwa tovuti zenyewe. Huduma nyingi za bei nafuu tunazolipia huku kwetu huahidi nakala za kila siku, lakini hazisemi zinakaa wapi. Nakala ya kutegemewa hukaa kwa mtoa huduma mwingine, na angalau moja kwenye diski iliyo mezani kwako, na iwe imejaribiwa kwa kuirejesha kwenye kompyuta yako uone kama kurasa zinafunguka. Kwa tovuti tatu, zoezi hilo ni kazi ya Jumamosi moja kila robo mwaka. Kwa tovuti kumi sijaona anayelifanya.

Halafu kuna tarehe. Vyeti vya usalama, ambavyo tovuti isipokuwa navyo kivinjari humwonya msomaji, vile vya bure vinavyotolewa na Let’s Encrypt vimekuwa vikidumu siku 90, na wasimamizi wa vivinjari na watoa vyeti walikubaliana mwaka 2025 kwamba ifikapo Machi 2029 cheti chochote cha umma kisizidi siku 47, kwa hiyo anayevihuisha kwa mkono ajiandae kuacha. Ada ya jina la tovuti nayo mara nyingi hukatwa kwenye kadi ya benki, na kadi hiyo huisha muda au hukosa salio bila kelele. Taarifa ya onyo hutumwa kwenye barua pepe uliyofungulia akaunti miaka mitano iliyopita, ambayo huenda huifungui tena. Anwani zote za tovuti zako zisajiliwe kwa barua pepe moja unayoisoma kila siku, na tarehe zote zikae kwenye jedwali moja. Nimeliweka langu hata kwenye karatasi ukutani, jambo linalowachekesha wageni.

Wale wenye tovuti hamsini zinazojazwa makala na mashine sitawachambua kwa kirefu. Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupata nafasi kwenye utafutaji, na dhidi ya kununua majina yaliyokwisha muda kwa lengo hilohilo. Huenda wapo wanaofaulu bado. Hiyo ni biashara ya kubahatisha, na mwenye kuifanya hahitaji ushauri wa matunzo kwa sababu hakusudii kutunza.

Ninachosisitiza zaidi ni kufunga. Tovuti ambayo mwenyewe hataki kuiandikia wala kuilinda ifungwe mapema na kwa utaratibu, na hilo halina aibu yoyote. Kurasa zinazosomwa bado zihamishiwe kwenye tovuti inayofanana nayo, anwani za zamani zielekezwe kwenye mpya moja kwa moja, na majina na namba za simu zilizokusanywa kupitia fomu zifutwe, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 haitambui kisingizio cha kwamba tovuti ilikuwa ndogo. Mafaili yaondolewe kwenye seva, yabaki kwenye diski. Lakini jina lenyewe liendelee kulipiwa kwa miaka kadhaa. Jina linaloishia .com likipita muda wa nyongeza baada ya kuisha, huwekwa siku 30 za kukombolewa kwa gharama kubwa, kisha siku tano, halafu huwa la yeyote. Na viungo vyote vilivyowekwa na walimu, vikundi vya WhatsApp na tovuti za watu wengine vitaendelea kumpeleka mwanafunzi wa kidato cha pili kwenye jina hilohilo, ambako safari hii atakuta ukurasa wa kamari.