Chukueni breki za Toyota, moteri yake iacheni

Mwenye Datsun 240Z, lile gari la spoti la Kijapani la miaka ya 70, akiingia garaji yoyote hapa Lubumbashi, shauri la kwanza atakalopewa ni hili: "Papa, toa hiyo moteri ya zamani, tuweke ya Toyota, upumzike." Wanaosema hivyo ni mafundi hodari na hesabu yao naielewa. Piesi za Toyota zimejaa mjini, kuanzia komini yetu iitwayo Kenya hadi ile ya Ruashi. Za Datsun ya miaka ya 70 utaagiza ng'ambo, ulipe usafiri, kisha uzingoje mpakani Kasumbalesa mpaka uchoke. Hata hivyo napinga, na nitaendelea kupinga hata nikibaki peke yangu.

Moteri hiyo ya Datsun, iitwayo L24, haina kosa la kuifanya itupwe. Ni silinda sita kwenye mstari mmoja, sentimita za ujazo 2,393, kichwa cha alumini juu ya bloku ya chuma, kemshafti moja juu inayozungushwa na mnyororo. Ndiyo iliyoipa 240Z ushindi wa Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakiwa ndani, na tena mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Zile zilikuwa barabara za tope na vumbi za Afrika Mashariki. Iliyovumilia yale haiwezi kushindwa na njia ya Likasi.

Kinachoishinda ni kuachwa bila marekebisho. Mji wetu uko kama mita 1,200 juu ya bahari, na hapa kanieneo ya hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya nane ukilinganisha na pwani. Kabureta zilizopangwa kwa hewa ya pwani zinamwaga esanse (petroli) nyingi mno huku: moshi mweusi, buji zenye masizi, gari linalokunywa bila kukimbia. Mwenye gari anasema moteri imezeeka. Mimi namwambia afungue buji kwanza, atazame rangi yake.

Kabureta mbili za Hitachi zina nati chini yake, ya kuongeza au kupunguza esanse. Kipimo cha kuanzia ni kuishusha mizunguko miwili na nusu kutoka juu kabisa. Kwa hapa kwetu unaipandisha tena kidogo kidogo, kabureta zote mbili kwa kiasi kilekile, mpaka buji zitoke na rangi ya kahawia hafifu. Lakini usiiguse nati hiyo kabla ya mengine! Anza na valvu, moteri ikiwa ya moto: nafasi ya milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza, 0.30 kwa za kutolea moshi. Kisha platini, vile viguso vinavyokata umeme wa buji, kisha saa ya moto wa buji. Kabureta iwe ya mwisho. Anayeanza na kabureta anaficha tu ugonjwa wa valvu, na baada ya muda atarudi palepale.

Ikiwa gari bado linatetemeka likiwa limesimama, angalia vishimo vinavyoshika ule mtaimbo mdogo wa kufungulia hewa. Vikilika, hewa huingia kwa wizi na hakuna nati itakayotibu hilo. Wengi wanatupa kabureta nzima kwa sababu hiyo, na inaniuma sana, kwa kuwa tunaishi katika mji uliokereza chuma tangu enzi za Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa ukoloni. Wazee waliofundishwa kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na vijana waliojifunza kwao, wanaweza kukukerezea bushi za shaba nyeusi na kuzipachika vizuri. Wapelekee kazi. Ujuzi huo ukifa kwa kukosa wateja, tutaagiza hata bushi kutoka nje.

Sasa breki, na hapa ndipo ninapomtaka Toyota. Kalipa za mbele za 240Z, vile vyuma vinavyobana diski, zina pistoni mbili tu kila moja. Zilitosha kwa magari ya wakati ule. Leo tunapita njia moja na malori ya shaba na kobalti yanayokwenda Kasumbalesa, na dereva wa lori akikanyaga ghafla mbele yako, uzuri wa gari lako hautakusaidia. Kalipa za Hilux ya 4x4 ya mwaka 1979 hadi 1985 zina pistoni nne, na matundu yake ya bolti yanaendana na ya Datsun. Unakata kidogo bamba la nyuma ya diski na kurekebisha kile kipaipu cha chuma kinacholeta mafuta ya breki. Wenye Datsun hizi duniani wamefanya hivyo kwa miaka mingi. Na sisi, tulio na Hilux kila kona, tunahangaika kutafuta moteri!

Tahadhari ni moja, na ni kubwa. Pistoni nyingi zinataka mafuta mengi, kwa hiyo pedali itashuka zaidi kabla ya kushika. Masta silinda ya asili, ile pampu inayosukumwa na pedali, ni ya inchi 7/8. Ile ya Datsun 280ZX, ya inchi 15/16, inairudisha pedali juu. Breki za ngoma za nyuma nazo zirekebishwe ziguse vizuri, la sivyo magurudumu ya mbele yatafanya kazi yote na yatateleza mapema wakati wa mvua. Halafu pima nafasi ndani ya rimu zako za inchi 14 kabla hujalipia chochote.

Hosi za mpira zibadilishwe zote siku hiyohiyo. Hosi kuukuu huvimba kwa ndani, nje ikionekana nzima, na breki inabaki imeshika hata ukiachia pedali. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani. Msimu wetu wa mvua ni mrefu, kwa hiyo yasipite miaka miwili.

Kuhusu rejeta nitasema neno fupi: acheni kuijaza maji ya bomba. Kichwa ni alumini, bloku ni chuma, na maji yasiyo na dawa yanakula alumini huku yakiacha chokaa kwenye mirija. Taa za mbele ziwekewe rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, kwani umeme wake wote unapita kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo ikiungua kuipata nyingine ni kazi. Hayo mawili hayaonekani kwa nje wala hayalitoboi gari. Mabadiliko ya namna hiyo nayaunga mkono kwa moyo wote: yale ambayo mwenye gari wa kesho anaweza kuyatoa jioni moja akitaka.

Kwa hiyo kila piesi ya asili inayotoka, ifutwe, ipakwe mafuta, ifungwe kwa karatasi na iandikwe jina. Fundi akisema "hii tutupe", mwambie hapana, kwa upole, uichukue uende nayo nyumbani.

Nguvu? Kabureta tatu za Weber zinapendeza kwa sauti na macho, sikatai. Ila kuzipanga zote tatu kwa hewa ya hapa kunahitaji jeti nyingi za kubadilishia, vile vitundu vya kupimia esanse, na jeti hizo haziuzwi mjini. Mwenye fedha ya Weber lakini hosi zake ni zile zilizokuja na gari, fedha hiyo ni ya breki. Akishamaliza breki, bado ningemshauri atafute giaboksi ya gia tano ya 280ZX. Kwenye safari ndefu ya Likasi, moteri itazunguka polepole zaidi kwa mwendo uleule.