Mgema hakutia maji, wateja ndio walizidi

Juzi jioni tulikuwa barazani pale Shella, Shella yetu ya Malindi si ile ya Lamu, tunakunywa kahawa, redio ya jirani ikapiga Sauti Sol, ile bendi ya Nairobi, na jamaa yangu mmoja akasonya kama aliyemwagiwa ile kahawa yenyewe. "Hawa walikuwa wazuri zamani," akasema. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Basi wote tukatikisa vichwa, manake hapa kwetu methali ikishatoka mjadala umekwisha, ni kama hakimu amegonga meza.

Mimi nilinyamaza lakini ilinikaa rohoni. Mamangu ni Mgiriama, na mjomba wangu amegema Msabaha huko karibu maisha yake yote, mbele yake hiyo methali huwezi kuitoa ovyo ovyo. Nilimuuliza nikiwa mdogo, mjomba, kwani kweli ukisifiwa unatia maji? Akacheka sana, kisha akanieleza. Mnazi una chake. Asubuhi unapanda, unakata kidogo kwa kotama, unaacha kibuyu chako kikinge, jioni unapanda tena, na ulichopewa ni hicho hicho, hata wakusifu mpaka koo ziwakauke mti hauongezi tone. Sasa ukivuma kwamba tembo lako tamu wanakuja wa Ganda, wanakuja wa Gede, kuna matanga mahali wanataka madumu matatu kesho, na minazi ni ile ile aliyokuachia babako. "Sifa zimenifanya nini hapo?" akaniuliza. "Waliozidi ni wateja." (Kama yeye alikuwa anatia maji au hatii hakuniambia, na mimi sikurudia kuuliza.)

Sasa nirudi kwa bendi. Nakiri kabisa mimi ndiye nilikuwa mbaya kuliko huyo jamaa wa baraza. Sauti Sol walitoa albamu yao ya kwanza, Mwanzo, 2008, na mwaka uliofuata binamu yangu akaja likizo kutoka Nairobi na nyimbo kadhaa kwa memori kadi, Lazizi ikiwemo. Zile sauti zilivyopandana, na gitaa lile limetulia halina papara, mimi nikachanganyikiwa. Malindi wakati huo ukipita mtaani ni taarabu, ni bango, ni bongo fleva kila tuktuk, na mimi natembea na earphone moja inayofanya kazi najiona nina siri ya mji mzima. Nikiwasikizisha watu wananiambia hawa ni kwaya ya kanisa? Na mimi nafurahi! Ndio jambo nimekuja kulielewa ukubwani, nilikuwa nafurahi WASIPOPENDA, kila aliyekunja uso alinithibitishia kwamba mimi nina masikio na wenzangu wana matundu tu.

Halafu ikaja 2014. Wimbo wao Sura Yako ukalipuka, na ile densi yake ya lipala, na mwaka huo huo wakachukua tuzo ya MTV Europe ya wasanii wa Afrika. Nilikuwa harusini Maweni, DJ akaipiga, wakaamka wote, watoto, mashangazi, hata mzee mmoja aliyekuwa analalamika miguu tangu asubuhi, na wale wale walioniambia kwaya ya kanisa wamejipanga mstari wanaicheza na hatua wanazijua kuliko mimi. Nilipaswa nifurahi si ndio? Nilikaa kwa kiti nimenuna na sahani yangu ya pilau. Nikatangazia aliyekuwa karibu yangu, ambaye wala hakuniuliza, "hawa mimi nawajua tangu zamani, saa hii wameharibika." Akaniangalia akaendelea na mfupa wake.

Wameharibika vipi? Ile Lazizi ni wimbo wa kusikiza umekaa barazani usiku, upepo wa kusi unavuma, huna haraka. Ukitaka kuchezesha uwanja mzima huo haukusaidii, ngoma lazima iwe kubwa na maneno yawe yale mtu wa Lagos na wa Lusaka wote watayapokea. Wanaume ni wale wale wanne, Bien, Chimano, Savara na Polycarp, koo ni zile zile, siku ina saa zile zile, ila wanywaji sasa ni bara zima. Kwa hiyo ndio, pengine tembo lilizidi wepesi, hilo sikatai, nyimbo zao nyingine za baadaye zinanipita tu kama basi la Lamu. Lakini kusema ni kiburi, ni kulewa sifa, hapo nahisi tunawasingizia.

Na kuna jambo la aibu zaidi ambalo sisi mashabiki wa mwanzo hatulisemi. Mimi zile nyimbo nilizipata kwa memori kadi na blututhi, sikulipa hata shilingi. Nilikuwa mteja wa alfajiri lakini mteja wa kukopa, halafu wakija wenye pesa zao mkononi mimi ndiye wa kwanza kupiga kelele kwamba mangwe, kilabu chetu cha mnazi, imeharibika, ina wageni.

Hii tabia wala haijaanza na sisi. Them Mushrooms ni bendi ya vijana wa Kaloleni, hapa hapa Kilifi, walikuwa wanapiga kwenye mahoteli ya pwani, na mwanzoni mwa miaka ya 80 wakatoa Jambo Bwana. Mwaka 1983 hadi Boney M wakaufanyia kava yao. Leo upige huo wimbo Malindi uone watu wanavyozungusha macho, "aah nyimbo ya watalii." Wimbo ni wa watu wetu, Kiswahili chake chepesi hata mtoto anakishika, lakini kwa vile Mtaliano ameuimba vibaya kando ya swimming pool basi tukaona si wetu tena, tukamwachia. Upande wa pili, waulize wazee kuhusu Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu, watakwambia huyo kazaliwa Malindi, Mombasa walimchukua tu, na jina lake watalishikilia hadi kiama. Sijui hesabu hii tunapiga vipi, ukipendwa na Mombasa bado wewe ni wetu, ukipendwa na mzungu basi tumekukana.

Kilichoniondolea kinyongo lakini ni 2023, Sauti Sol walipotangaza wanasimama kama bendi kwa muda usiojulikana, shoo za mwisho Nairobi mwezi wa Novemba. Lo! Statasi zote za Malindi zikawa za kilio. Yule jamaa aliyesonya juzi, namkumbuka vizuri, aliweka picha nyeusi na moyo uliopasuka, "tangu siku ya kwanza", wakati miaka tisa mizima hajawahi kuwatamka bila kuwatukana. Nilitaka kuweka komenti nikajizuia, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshaandika yangu, ndefu zaidi.

Wiki hiyo hiyo binti ya dadangu, yuko fomu ya pili, akanijia mbio na simu. "Anko, sikiza hii nyimbo nimeipata Youtube, marafiki zangu hata hawaijui." Ilikuwa Lazizi. Nikavuta pumzi nimpe historia yote, memori kadi, binamu, 2009, kwaya ya kanisa. Nikamwambia, "Kwanza mamangu, hii ni ya 2008, wewe ulikuwa bado unatambaa."

Akaniangalia kwa huruma. "Kumbe hata wazee mlikuwa mnaisikiza," akasema, na nikaona kabisa vile uso umemshuka.