Katani ndani ya mpira: tusiipime kwa vuta nikuvute

Ukitaja kuchanganya katani na mpira, utajibiwa kwamba unauharibu mpira. Si uongo. Mpira asilia ulioivishwa kwa salfa huvutika zaidi ya mara 5 ya urefu wake, ilhali uzi wa katani hukatika kabla haujarefuka hata kwa asilimia 10. Vikichanganywa, mnyumbuko huporomoka. Kwa bomba la ndani la baiskeli, hoja imeishia hapo.

Lakini nani kasema kila mpira umeumbwa uvutike? Mkanda wa kuendeshea mashine hudaiwa kinyume chake: usilegee, usitanuke ukibeba mzigo. Huko, mnyumbuko kupungua ndiyo faida yenyewe. Na wanaodai nyuzi za mimea na mpira haziivi chungu kimoja wamesahau kwamba tairi za mwanzo za magari zilijengwa juu ya turubai la pamba, kisha ikaja reyoni, inayotengenezwa kwa selulosi ya miti.

Kinachonivutia zaidi ni urefu. Watafiti wa Kerala, India, walipopima katani kwenye mpira asilia miaka ya 1990, waliona vipande vya milimita 6 hivi ndivyo vinavyofaa. Virefu zaidi hujisokota wakati wa kuchanganya. Vifupi mno huchomoka bila kubeba mzigo. Milimita 6! Soko la kamba hutaka singa ndefu, na zile fupi zinazoanguka chini ya korona, mashine ya kuchambua majani ya mkonge, hazina heshima yoyote. Kwa mpira, ndefu na fupi zote zitakatwakatwa, kwa hiyo daraja la urefu halina maana tena. Na mkoani Tanga mashamba ya mkonge na shamba la mpira la Kihuhwi, Muheza, ni majirani.

Kikwazo cha kweli ni maji. Katani huyanywa, mpira huyakataa, na bila dawa havishikani. Nyuzi huoshwa kwa kostiki soda, kisha mpira huongezewa viambato vya kugandishia kama resosino na silika. Hayo yote ni gharama, na maji machafu ya kuoshea lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa. Masizi ya kiwandani, unga mweusi uliozoeleka kutiwa kwenye mpira kuuimarisha, hayana usumbufu huo, ingawa hutokana na mafuta ya petroli. Mwenye kiwanda akiniambia kuosha kunamla faida, nitamsikiliza. Akiniambia katani ni dhaifu, nitamwuliza anatengeneza nini.