Posa yangu Tanga na zile dunia nyingi za Everett

Kwa kuwa mshenga wangu ameshaisambaza hadithi ya posa yangu kwenye magrupu yote kwa voisi noti ndefu kama hotuba ya bajeti, na kila nikishika simu nakuta mtu kaniandikia "bwana wa kote kote vipi?", acha niiseme mwenyewe. Ile yake ina chumvi nyingi. Sikuchora ukutani kwa watu, na hakuna paka aliyekufa.

Si mnajua tulikuwa tunaenda Ngamiani kupeleka posa. Msemaji alikuwa awe mjomba, homa ikamlaza, nafasi akaichukua huyu jamaa ambaye kazi yake ni udalali wa viwanja, mtu anayeweza kukuuzia dimbwi ukarudi nyumbani unashukuru. Mimi hata kwenda sikutakiwa, muoaji anabaki kwao, ila baba wa binti, mwalimu mstaafu wa hesabu, alituma neno kwamba huyo kijana naye aje nimwone. Maagizo niliyopewa ndani ya basi kuanzia Chalinze mpaka Segera yalikuwa hayahaya: salimia, kunywa kahawa, nyamaza.

Nikanyamaza jamani. Tumekaa mkekani, kanzu ya kuazima inanibana kwapani, kashata inazunguka, mambo yanakwenda vizuri mpaka mzee akauliza kijana wenu anashughulika na nini. Mshenga akajibu anasoma digrii ya pili ya fizikia, mambo ya kwantamu. Hapo angeweka nukta! Lakini dalali akiona mteja anatikisa kichwa hawezi kujizuia, akaendelea, "Anachunguza vitu vinavyokuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja, mzee wangu. Ukivichungulia ndo vinatulia sehemu moja. Usipovichungulia viko kote kote."

Shangazi yake binti alikuwa mlangoni anapunga nzi kwenye sinia. Mkono ukasimama.

"Na yeye mwenyewe," akauliza taratibu, "asipochunguliwa anakuwa wapi?"

Sasa nyie niambieni, mtu unanyamazaje hapo? Nikasema shikamoo tena (sijui kwa nini, nilishamwamkia), nikaanza kueleza kwamba hapana shangazi, mtu hawezi, hayo ni ya elektroni na atomu, kitu kikubwa kama mtu kinagongwa na hewa kila saa, kinapigwa na mwanga, chenyewe kinatoa joto, na kila kinachokigusa kinaondoka na habari za pale kilipo, kwa hiyo ile supaposisheni, yaani kule kuwa sehemu mbili kwa pamoja, inavurugika hata kabla hujakohoa, ndo tunaita dikohirensi. Yaani hewa yenyewe ni shahidi.

"Kwa hiyo tatizo ni ukubwa," shangazi akasema. "Ungekuwa mdogo ungeweza."

Mzee ndo akaniponza zaidi, kwa nia njema kabisa. Akavaa miwani, akauliza kitu kikubwa kiasi gani kimeshawahi kufanya hivyo. Wadau, mnanijua. Hilo swali hata nikiwa kwenye kiti cha daktari wa meno nitalijibu. Nikamwambia kule Vienna mwaka 1999 walirusha molekuli za kaboni zenye atomu 60, zimejikunja duara kama mpira wa miguu, zikajichanganya kama mawimbi, na 2019 wakafika molekuli za atomu kama 2,000. Nikamwambia Santa Barbara, Marekani, 2010, kuna kibamba kidogo mno unachokaribia kukiona kwa macho matupu, wakakipoza mpaka kikabaki na joto lisilofika hata sehemu moja ya kumi ya digrii juu ya sifuri kamili, ile baridi ya mwisho kabisa, kikawa kinatikisika na hakitikisiki kwa pamoja. Na Zurich 2023, kristali ya mikrogramu 16, punje ya mchanga laini hiyo, atomu zake zikawa zinayumba pande mbili zinazopingana kwa wakati mmoja, japo umbali wenyewe wa kuyumba haufiki hata upana wa atomu moja. Mzee macho yanang'aa. Nikaona nimeshaoa.

Hapo ndo mshenga akaona asipitwe. Alikumbuka nilichomsimulia ndani ya basi wakati nikipambana na usingizi. Akasema, "Na yupo Mmarekani mmoja, Everett, mwaka 1957, anasema huwa hakichaguliwi kimoja. Yote yanatokea, kila moja kwenye dunia yake. Dunia ziko nyingi."

Twendeni polepole hapa.

Feni inazunguka. Mimi nina kipande cha kashata mdomoni, hakijatafunwa. Shangazi ameweka kipepeo cha kupungia nzi chini, amekunja mikono, ananitazama mimi, sio mshenga. Nje mtoto anapita anaburuza tairi. Mzee amevua miwani anaifuta na pindo la shati. Nikasikia kabisa swali linavyokuja, kama unavyoona maji ya moto yanakujia na huwezi kusogea.

"Huko kwenye dunia nyingine," shangazi akasema, "nako kaoa?"

Jibu lilikuwa HAPANA. Herufi sita, anayejua kusoma na asiyejua wote wanaliweza. Mshenga kanikanyaga kidole gumba cha mguu mpaka leo kucha ni nyeusi. Na zilikuwepo tafsiri nyingine kibao za hii kwantamu za kukimbilia! Ningesema Copenhagen, kwamba hayo ya kabla ya kupima hatuyaulizi, yakaisha. Ningewataja wale Waitaliano watatu wa 1986, Ghirardi, Rimini na Weber, wanaosema kitu chenye chembe nyingi kinatulia mahali pamoja chenyewe, haraka, hata bila mtu kukichungulia. Hiyo ndo tafsiri ya kuposea, yaani imetengenezwa kwa ajili ya wakwe! Ningeweza hata kusema Schrödinger mwenyewe alimleta yule paka wake wa ndani ya sanduku, hai na amekufa kwa pamoja mpaka lifunguliwe, mwaka 1935 kwa kejeli, kuonyesha mambo haya yakisukumwa mpaka kwenye vitu vikubwa yanakuwa kituko.

Nikameza kashata. Nikasafisha koo. Nikasema, kwa sauti ileile ninayotumia kwenye semina, "Kwa mujibu wa Everett, shangazi, ndiyo. Ila hatuwezi kuwasiliana nao."

*Nao.* Wingi. Nilisema nao.

Kilichofuata sikikumbuki sana. Kuna mtu alicheka uani, kuna mama alisema "astaghfirullah", mshenga akaanza kuongea haraka kuhusu bei za viwanja Pongwe, mzee akafunika uso kwa kiganja na mabega yakawa yanaruka, nikadhani analia kumbe anacheka. Tukatolewa nje kidogo tukakaa chini ya mwembe, tukaitwa tena, posa imepokelewa. Msianze ule utani wa posa kuwa hai na imekufa mpaka bahasha ifunguliwe, nimeshatumiwa sana na hauchekeshi.

Ila shangazi kanipiga faini. Doti mbili za khanga: moja ya dunia hii, moja ya yule wa huko. Na kasema ya huko iwe ya bei nafuu. Mzee naye kaagiza nimchapie habari za ile kristali ya Zurich, maandishi makubwa, macho yake hayaoni vizuri. Mshenga kadai nauli ya kwenda na kurudi pamoja na hela ya usumbufu, eti kazi yangu ni ngumu kuliko kuuza kiwanja chenye kesi.

Binti mwenyewe alikaa kimya tangu siku ile. Jana usiku ndo kaniandikia mstari mmoja: huyo wa huko anaitwa nani? Na mimi, badala ya kulala, nikaanza kumwandikia kwamba kihesabu lazima wako wengi na Everett hakutaja majina.