Jongoo Bahari Ndani ya Bajaji

Mwalimu wetu wa vitendo alitaka jongoo bahari, yule mnyama laini wa baharini mwenye umbo la tango, aliye hai; wale wa kwenye chupa kashawachoka. Nikamwokota pwani ya Sahare, Tanga, asubuhi maji yalipokupwa, yuko kwenye majani anakula mchanga wake taratibu. Nikamtia kwenye ndoo ya rangi yenye maji ya bahari, nikasimamisha bajaji ya kuchangia.

Nyuma alikuwamo mama wa makamo, dera jipya, udi unanukia hadi barabarani, mikono kainyoosha mbele kama anayeomba dua: hina mbichi, maua mpaka viwikoni. Aenda harusini Chumbageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Pweza huyo?"

"Jongoo bahari, mama. Wa masomo."

Akachungulia. "Mbona hana pua?"

Nikamweleza kuwa huyu hupumulia nyuma, pale pale panapotokea haja. Dereva alicheka nusura atutie mtaroni. Mama akasema "Astaghfirullah," kisha akachungulia tena.

Sasa, jongoo wa jamii ile hana meno wala miba. Akitishwa anakugeuzia makalio na kukurushia nyuzi nyeupe, darasani zaitwa mirija ya Cuvier, zinazorefuka na kunata balaa. Kaa akinaswa humo ana kazi. Niliyajibu haya kwenye mtihani nikapata alama zote. Bajaji haikuwamo kwenye mtaala.

Tuta la kwanza, maji yakamwagika. La pili, ndoo ikaruka, na mama kwa huruma zake akaidaka kwa mikono miwili. Jongoo akafyatua.

Mama akavuta mkono, nyuzi zikavutika nao. Akajipangusia derani, dera likaganda kiganjani. Nikamsaidia, tukagandana wawili! Ua zima la hina nikaliona limehamia kwenye kidole gumba changu.

"Niachie mkono, mimi mke wa mtu!"

"Si mimi mama, ni jongoo!"

Dereva akaegesha, akatubandua kwa matambara na mchanga mkavu, huku watoto wa mtaa mzima wakitushangilia.

"Na hiki ndicho mwasomea miaka mitatu," mama akaniuliza, "kwa mkopo wa serikali?"

Nikamlipia nauli. Akashuka, akapiga hatua mbili tatu, akasimama. Akautazama mkono wake. Akageuka.

"Mwanangu, wasema huyu apumulia wapi? Kwa hiyo hizi nyuzi zimetokea…"

Nikamwambia dereva, kaka, tia gia.