Eti wenye sukari wataandaliwa maji

Orodha ya semina ya akina mama imeshatumwa kwenye WhatsApp. Mandazi, kila kikundi beseni moja. Biskuti za katoni. Keki ya Mama Pasta. Kazie, yaani kreti, za Fanta na Coca, zitachangwa na akina baba. Sukari ya chai, kilo kumi. Halafu chini kabisa, baada ya zile picha za mikono inayoomba, mstari mmoja: “Wale wenye ugonjwa wa sukari wataandaliwa maji.”

Maji! Tumeshukuru sana.

Nimeusoma mstari huo na kuurudia, nikitafuta mahali palipoandikwa “na chakula”. Hapapo. Aliyeandika hana ubaya, na pengine alijipongeza kwamba safari hii wagonjwa wamekumbukwa, maana kuna semina ambazo hata hayo maji hawakuyaona. Ila ndivyo tulivyozoea kufikiri: dawa ya mwenye sukari ni kukatazwa. Akatazwe Fanta, akatazwe mandazi, akatazwe keki, kisha akae pembeni na kichupa chake cha maji akitabasamu wakati wenzake wanatafuna.

Jamani, mwenye sukari anatakiwa ale. Tena ale kwa saa. Wengi wa mama zetu wanameza glibenklamidi asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu ni kidonge cha bei nafuu. Kidonge hicho kinalisukuma kongosho limwage insulini, ule usile. Hakijui kwamba mhubiri ameongeza nusu saa, kwamba kwaya mbili bado hazijaimba, kwamba kuna mchango wa mabati. Ukimeza, ukanywa chai tupu, ukaja kukaa kwenye benchi mpaka saa nane, sukari inashuka. Mikono inatetemeka, jasho baridi linatoka, maneno yanapotea, mtu anaanza kujibu ovyo. Na kanisani kwetu mtu akitetemeka na kutokwa jasho tunajua wenyewe kinachofuata: anazungukwa, anawekewa mikono, pepo anakemewa kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Sina neno na maombi. Ombeni, lakini mmoja wenu awe anafungua Fanta.

Ndiyo, nimesema Fanta. Hapo nakubali, shingo upande. Mtu ambaye sukari yake imeshuka chini ya 70 (mg/dL) kwenye kipimo na bado ana fahamu anahitaji sukari ya haraka, gramu 15 hivi, yaani karibu nusu ya chupa ya sentilita 33. Asubiri dakika 15, apimwe tena, kisha ale kitu cha kushika tumbo. Aliyezimia asitiliwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Kwa hiyo chupa chache zibaki kwa kazi hiyo. Zilizobaki sina utetezi wake. Chupa moja ya Coca ya sentilita 33 ina gramu kama 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, kungekuwa bora zaidi. Hapo ni mtu mzima, tena mzima wa afya. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaivuka hesabu hiyo kabla ya sala ya kufunga.

Lakini tuseme ukweli, Fanta haiko mezani kwa sababu ya kiu. Iko pale kwa ajili ya heshima. Hapa Goma, mashariki ya Kongo, mgeni asiyepewa Fanta amedharauliwa, na mgeni aliyekataa Fanta amedharau. Vijana wa protokole, wale wanaopokea wageni, wanalijua hilo kuliko wote. Wanapita kwenye mistari ya viti wakifungua vizibo kabla hujasema neno, na chupa iliyofunguliwa hairudi kwenye kazie. Shangazi yangu aliwekewa ya kwake hivyo hivyo, mkononi, ikitoa povu. Akaishusha chini ya kiti, karibu na kisigino. Mama wa pembeni akaiona: “Mama, mbona haunywi? Uko kwenye maombi ya kufunga?” Vichwa vya kiti cha mbele vikageuka. Shangazi hajamwambia mtu pale kwamba ana sukari, kwa sababu ugonjwa ukitajwa Jumatano, Jumapili unatangazwa kwenye kipaza sauti pamoja na jina lako na mtaa wako, eti tukuombee. Basi akaiinua akanywa, akiwa anacheka na yule mama. Jioni akatumia bandeleti, kile kijikaratasi cha kupimia sukari, aliyokuwa ameihifadhi kwa siku mbaya, maana bandeleti za kupimia si za kuchezea kwa bei hii, na kipimo kikapita 300. Hakuna aliyemlazimisha. Hata mimi nilikuwa pale, na sikuona mtu yeyote wa kugombana naye.

Ndiyo maana siitaki ile “meza ya wagonjwa” ambayo wengine wamependekeza kwenye kundi. Mnaandika kibao? Mnapanga foleni mbili, wazima kulia, wa sukari kushoto? Atakayeiendea ni yule tu ambaye ameshachoka kuficha, na wengine wote watabaki kwenye mandazi kama shangazi. Nataka meza ile ile moja, ya kila mtu, iwe na vitu ambavyo mtu anaweza kuvichukua bila kumweleza jirani sababu. Anachukua yai kwa sababu anapenda yai. Kwisha.

Na vitu vyenyewe viko hapa hapa mjini. Mayai ya kuchemsha: wanga wake haufiki hata gramu moja kwa yai. Karanga za kukaanga bila sukari: ngumi moja inamfikisha mtu mpaka mwisho wa semina, ila chumvi iwe kidogo, maana mwenye sukari mara nyingi ana presha pia. Parachichi, ambalo sehemu kubwa ya wanga wake ni nyuzinyuzi. Vipande vya tango na karoti. Fromaji, yaani jibini, ya Masisi ikatwe vipande vidogo, siku ambayo barabara imeruhusu ishuke. Na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani! Nendeni soko la Kituku asubuhi, mkanunue, mkaange kavu, mkamue ndimu juu, mlete kwenye beseni lililofunikwa. Unga kidogo sana au usiwepo kabisa. Kuna atakayesema sambaza si chakula cha mapokezi, ni cha nyumbani. Basi nimkumbushe kwamba hata sambaza hizo hazikuwa za Ziwa Kivu, zilitolewa Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ukimwambia mtu wa Goma kwamba ni wageni atakucheka. Meza ya kanisa nayo itazoea.

Mtasema mayai ni ghali. Kweli, mfuko wa unga unalisha watu wengi kuliko trei za mayai, na hapo siwezi kubishana, hasa miezi hii ambapo kila mtu anahesabu franka mara mbili. Lakini hakuna aliyewahi kusimama kwenye kikao akauliza kazie za Fanta zinagharimu kiasi gani. Mandazi yanajadiliwa, mafuta yanajadiliwa, mkaa unajadiliwa. Fanta inapita tu. Punguzeni kazie, mpeleke hela kwenye mayai na karanga, muone kama kuna mtu atakayelala njaa.

Sijasema mandazi yapigwe marufuku. Unga mweupe wa ngano ni wanga kwa karibu robo tatu ya uzito wake, na sisi tunauongezea sukari halafu tunauzamisha kwenye mafuta, lakini andazi moja dogo likiliwa pamoja na yai halitamuua mtu. Tatizo ni matano, kwa sababu hakuna kingine.

Na wale wa “jusi ya asili”, tafadhali. Marakuja, yaani pasheni, ni tunda zuri. Ndoo ya marakuja iliyomiminiwa kilo mbili za sukari ni Fanta isiyo na kizibo. Asali pia ni sukari, hata kama Yohana aliila jangwani. Biskuti zinazouzwa kwenye alimentasio, maduka ya vyakula, zikiwa zimeandikwa ni za wagonjwa wa sukari bado ni unga, na bei yake ni dhambi nyingine. Matunda mazima, sawa, kipande, si sinia.

Kuna ndugu mmoja ameniandikia pembeni kwamba chakula kikishaombewa hakidhuru. Ndugu yangu katika Bwana, Danieli aliomba sana, na bado kwenye meza ya mfalme alichagua cha kula. Yeye tunamhubiri. Shangazi tunamuuliza kama anatudharau.

Mama Prezidanti, nakuheshimu, na najua orodha hii umeiandika usiku baada ya kazi. Naomba mambo machache tu, mengine tutajadiliana. Ule mstari wa maji ufutwe. Chakula kitolewe saa nne, kisisubiri neno la mwisho la mgeni rasmi. Vijana wa protokole waulize kwanza ndipo wafungue chupa, na maji yapite mbele ya Fanta kwa watu wote, pasta akiwemo. Kikundi chetu kitaleta mayai na sambaza badala ya beseni la mandazi, nimeshaongea na akina mama na hakuna aliyelalamika isipokuwa mmoja, ambaye ni bingwa wa mandazi na ninamwelewa. Karanga tumewaachia watu wa kwaya. Maparachichi yasikatwe nyumbani, yatafika meusi, mje na visu. Na chumvi na pilipili viwekwe kwenye visahani pembeni, msimwage juu ya mayai.