GB 150 huku Uswidi ni saa moja na ushee, Mbagala ni laki tatu

Nianze na hesabu, maana watu wazima wakisikia magemu yamekuwa makubwa wanadhani ni kelele za watoto tu. Gemu ya siku hizi ya kompyuta au ya PS5 kufika GB 100 mpaka 150 ni kawaida kabisa, Baldur's Gate 3 iliyotoka 2023 inaomba nafasi ya GB 150, Red Dead Redemption 2 kwenye kompyuta nayo ni hizohizo 150. Mimi huku Västerås nina faiba ya Mbps 250 imeingia mpaka sebuleni, nalipa kwa mwezi na hakuna mtu anayehesabu nimetumia GB ngapi, kwa hiyo gemu ya GB 150 inashuka kwa saa moja na dakika ishirini hivi, naweka maharage jikoni na yakiiva gemu nayo iko tayari. Sasa mpe dogo wa Mbagala, Dar es Salaam, anayetumia hotspoti ya simu, tuseme laini imetulia na anapata Mbps 10 bila kuyumba, huyo atakaa saa 33. Na hapo nimeongelea muda tu, bado hela. Tuseme anapata GB moja kwa shilingi elfu mbili, hizo GB 150 ni laki tatu taslimu. Gemu yenyewe ikitoka inauzwa dola 60 au 70, yani bando la kuishusha linaizidi bei gemu yenyewe karibu mara mbili!

Hapo ndo penye tofauti ninayotaka kuisema. Wanaotengeneza hizi gemu wanaishi huku, kwenye nchi ambazo GB hazihesabiwi, na kwao ukubwa wa gemu ni muda wa kusubiri tu, mtu analalamika kidogo alafu anaenda kulala. Nyumbani ukubwa ni bei. Kila GB ambayo studio imeona uvivu kuipunguza kuna mtu Temeke anailipia kwa vocha.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kupunguza kwa sababu teknolojia imekua. Nina mfano wa jirani kabisa. Kuna studio inaitwa Arrowhead, iko Stockholm, kutoka kwangu ni kama saa moja kwa treni, ndo waliotengeneza Helldivers 2 ya 2024. Kwenye kompyuta ile gemu ilivimba ikafika kama GB 154, wakati gemu hiyohiyo kwenye konsoli, yani mashine za gemu kama PS5, ilikuwa kama GB 35 tu. Watu wakauliza jamani mbona hivi, wakaeleza bila kuficha: ni nakala. Hadidiski za zamani, zile za kuzunguka, zina kisindano ndani ambacho lazima kisogee kwenda kutafuta kila kitu kilipo, sasa ili gemu ifunguke haraka wanaweka kitu kimoja sehemu nyingi, ule mti, lile jiwe, ule ukuta, kila ramani ina nakala yake karibu. Mark Cerny, yule mhandisi mkuu wa PS5, aliwahi kusema mwaka 2020 kwamba kuna vitu kwenye gemu za PS4 vilikuwa vinarudiwa mpaka mara 400 ndani ya diski moja, sababu ni hiyohiyo. Ila SSD, yani hifadhi ya kisasa iliyochukua nafasi ya hadidiski, haina kitu kinachozunguka, haihitaji nakala hizo, na wachezaji wengi siku hizi wana SSD.

Basi Desemba 2025 Arrowhead wakishirikiana na studio ya Nixxes wakaishusha gemu kutoka GB 154 mpaka 23. Ishirini na tatu! Gemu ileile, picha zilezile. Na kilichoniuma zaidi, walikiri kwamba wale wenye hadidiski za zamani wanaongezewa sekunde chache tu za kusubiri, sababu mwanzoni walifuata makadirio ya jumla ya tasnia bila kupima gemu yao wenyewe. Kwa ile bei ya elfu mbili, hizo nakala zilikuwa ni kama laki mbili na sitini za mtu. Nawasifu kwa kusema ukweli, studio nyingi hazisemi, lakini jamani, laki mbili na sitini kwa sababu hamkupima?

Kuna lingine la sauti. Mwaka 2014 ilitoka Titanfall ya kompyuta, GB 48, na katika hizo GB 35 zilikuwa sauti ambazo hawakuzibana kabisa, maelezo yao ni kwamba kompyuta dhaifu zisihangaike kuzifungua wakati gemu inaendelea. Yani walimwonea huruma mwenye kompyuta dhaifu kwenye prosesa wakamkamua kwenye bando. Na gemu nyingi za stori zinakuja na sauti za Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani, wakati mwingine Kipolandi na kadhalika, na mara nyingi zote zinaingia kwa mpigo huulizwi. Dogo wa Mbagala analipia mtu aigize kwa Kijapani usiku wa manane na hatamsikia maisha yake yote. Kiswahili kwenye orodha hiyo mimi sijakiona bado, wangekuwa wametuwekea hata kimoja hapo ningekaa kimya.

Alafu picha. Ule ukali wa skrini mpya unaoitwa 4K una nukta mara nne ya 1080p ya kawaida, hilo halina ubishi, kwa hiyo picha za kufunikia kuta na nguo na nyuso za watu nazo zimevimba. Sawa, mwenye televisheni ya 4K apate. Ila kwenye kibanda cha kulipia gemu Mbagala ile televisheni ni ya inchi 32 ya zamani, haijui 4K ni nini, na bado inashushiwa zilezile za mwenye sebule ya Stockholm.

Kibanda ndo sehemu ambayo watu wa huku hawaielewi hata nikiwachorea. Huku kila mtoto ana konsoli yake chumbani, hedifoni masikioni, mlango umefungwa, anaongea na mtu wa Ureno hamjui hata sura, na mama yake anamtumia meseji aje kula. Nyumbani PS moja inacheza mtaa mzima, jero mechi, aliyefungwa anatoka, mwingine anakaa, na nyuma kuna benchi la makocha ambao hawajalipa hata senti. Enzi za PS2 nikiwa Tandika ile DVD ya mpira ilikuwa haizidi GB 4.7 maana ndo mwisho wa DVD ya kawaida, unainunua mara moja imetoka hiyo, hakuna apdeti, na memori kadi ya PS2 ilikuwa MB 8. MB nane jamani, ligi za mtaa zilikaa humo, na mtu akiifuta ya mwenzake ulikuwa ugomvi unaofika kwa mjumbe.

Sasa hivi angalia hao hao wa mpira. FIFA 22 kwenye kompyuta iliomba GB 50, FIFA 23 mwaka uliofuata ikaomba GB 100, na EA Sports FC zilizofuata, ndo jina jipya la FIFA, zimebaki kwenye 100 hiyohiyo. Kila mwaka gemu mpya inaanza upya kuanzia sifuri, haijali kwamba ile ya mwaka jana umeshaishusha na viwanja ni vilevile. Mwenye kibanda hawezi kusema nakaa na ya zamani kwa sababu wateja wanataka mchezaji aliyehama juzi aonekane na jezi mpya, vinginevyo wanahamia kibanda cha pili.

Mtoto wa dada yangu anashika zamu kwenye kibanda kimoja pale Rangi Tatu, akinitumia vois asubuhi najua kuna jambo. "Shikamoo mjomba. Mjomba leo wametupa apdeti ya GB 9, wateja wamekaa hapa na hela zao, nifanyeje?" Marahaba, mjomba hana la kufanya akiwa Västerås. Walichobuni wenyewe ni hivi: jioni wakifunga wanaingiza PS kwenye begi la shule, pedi zinabaki, waya wa umeme unaviringwa unaingia mfuko wa mbele, anapanda daladala mpaka kwa jamaa mmoja mjini mwenye faiba, anaiacha ilale huko ikishusha mpaka asubuhi, anamlipa jamaa kidogo, anarudi nayo amepakata mapajani kwenye daladala la kwanza ili saa tatu kibanda kifunguliwe. Gemu inapanda daladala kufuata apdeti! Nilipowasimulia wenzangu kazini wakacheka sana, wakadhani natania.

Wapo wadau huwa wanakuja na jibu la haraka, nunua hadidiski kubwa basi, storeji siku hizi rahisi. Kwanza tangu mwishoni mwa 2025 memori na SSD zimepanda bei sana kwa sababu makampuni ya AI yanazizoa kwa ajili ya seva zao. Pili shida ya nyumbani haikuwa pa kuweka, shida ni kuifikisha hapo. Huku PS5 ya mwanzo yenye GB 825, ambazo unaziona wewe ni kama 667 tu, ikijaa unafuta gemu mbili na ukizitaka tena unazishusha tena, ni kubonyeza kitufe. Nyumbani mtu hafuti. Akifuta amefuta laki tatu, kwa hiyo anakaa na gemu nne tano hizohizo mwaka mzima na anaombea isije apdeti ya kutaka nafasi asiyonayo.

Ndo maana vijana wengi wameamua kubaki kwenye PPSSPP ya simu, ile programu ya kuchezea gemu za PSP, konsoli ya zamani ya mkononi, na mimi nawaelewa kabisa, gemu ya PSP mwisho wake ni GB 1.8 maana ndo diski yake ilipoishia, mtu anairusha kwa mwenzake bila bando, wanacheza barazani. Huku wakiona hivyo wanasema Waafrika wanapenda vitu vya zamani. Hapana mzee, ni vitu vinavyoingia kwenye kipato.

Nisionekane nalaumu tu, wapo waliojitahidi. Fortnite mwaka 2020 waliipunguza ya kompyuta kwa zaidi ya GB 60 kwa mpigo mmoja. Call of Duty baada ya Modern Warfare na Warzone kuvuka GB 200, mpaka mwenye SSD ya GB 250 akawa hana pa kuweka kitu kingine, waliruhusu mtu afute vipande asivyocheza. Monster Hunter Wilds ya 2025 imeweka zile picha kubwa pembeni kama mzigo wa hiari, bure, anayezitaka azifuate. Hilo la tatu ndo ningependa liwe sheria ya dukani kabisa, picha za 4K pembeni na lugha pembeni, nichague kabla sijabonyeza. Haligharimu kitu kikubwa kwao, ni mtu mmoja kwenye kikao kuuliza na yule anayelipa kwa MB je. Tatizo kwenye kikao hicho hakuna hata mmoja anayelipa kwa MB.

Na upepo unavuma kwenda kubaya. Konsoli ya Nintendo Switch 2 iliyotoka Juni 2025 ina gemu nyingine zinazouzwa kwenye kadi ambayo ndani haina gemu, ina ufunguo tu, ukiichomeka inakwambia kashushe. Umelipa bei kamili dukani, una kadi mkononi, na bado bando linakuhusu. PS5 nayo kuna toleo lisilo na mlango wa CD na ndilo watu wanalonitajia wakiniagiza, sababu ni rahisi kidogo.

Nimeshawajibu wengi inboksi, najibu hapa kwa wote: ndugu yangu kama uko nyumbani na huna faiba usichukue hilo, ongeza hela uchukue yenye mlango. Diski ya PS5 inabeba mpaka GB 100, hizo zinaingia bila bando, unabaki kupambana na apdeti. Kabla hujalipia diski uliza ndani kuna gemu nzima au kipande, maana vipande vipo. Na nafasi ikijaa usifute, nunua hadidiski ya nje ya kawaida ya USB, za PS4 zinacheza humohumo, za PS5 hazichezi zikiwa nje lakini unazihifadhi na kuzirudisha ndani bila kulipa hata MB moja.